Moyo Uliokubali Kuchunguzwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Sam. 16:1–13; Kut. 9:27–35, Kut. 15:22–27, Dan. 1:8–20; 2 Fal. 20:1–7, Luka 17:11–19, Yer. 17:9, 10, Yak. 5:13–16, Eze. 36:26.

Fungu la Kukariri: Zaburi 139:23, 24, mahali ambapo Daudi anamwomba Mungu aukague moyo wake na kumwonyesha kama kuna njia mbaya ndani yake.

Moyo wa mtu mzima unakaribia ukubwa wa ngumi yake. Hupiga mara laki moja hivi kwa siku, na mwenyewe hausikii isipokuwa anapokimbia au anapoogopa. Kwa kuwa hufanya kazi kimya, huweza pia kuugua kimya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9, karibu theluthi moja ya vifo vyote duniani. Zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo kubwa la damu, yaani presha.

Biblia nayo inasema mengi juu ya moyo, na inasema kwamba mwenye moyo si shahidi wa kutegemewa juu ya hali ya moyo wake. Ndiyo maana Daudi hakumwambia Mungu kwamba anajijua. Aliomba achunguzwe.

Juma hili somo litafuata kisa cha mfano cha mzee wa kanisa kwenye kilima kimoja cha wilaya ya Ngara. Kisa hiki si habari ya mtu fulani anayejulikana, lakini mambo yaliyomo hutokea Ngara, Biharamulo na mahali pengine pengi, hata miongoni mwa watu wanaoupenda ujumbe wa afya.

JUMAPILI

Macho ya Samweli

Soma 1 Samweli 16:1–13. Samweli alivutiwa na nini alipomwona Eliabu? Bwana alimsahihisha namna gani?

Samweli alikuwa nabii mzoefu. Hata hivyo, aliposimama nyumbani kwa Yese, macho yake yalimpeleka kwa kijana mrefu mwenye umbo zuri, akadhani kazi imekwisha. Bwana akamfundisha kwamba mwanadamu huishia kwenye kile kinachoonekana nje, lakini Mungu huangalia moyo. Kosa la Samweli halikuwa ukosefu wa imani. Aliamini macho yake kupita uwezo wake.

Kwa karne nyingi waganga na matabibu nao waliishia nje. Waliweza kushika mkono na kuhesabu mapigo, au kuweka sikio kifuani, lakini moyo wenyewe unaopiga hawakuuona. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima kifaa kilichotumiwa na kiwanda cha kuunda meli kutafuta nyufa ndani ya chuma. Kifaa hicho kilituma mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyasikii, kisha kikapokea mwangwi wake. Walikiweka kifuani, na mwangwi wa moyo hai ukaandikwa. Hapo ndipo ulipoanzia uchunguzi wa moyo ambao leo watu hospitalini huuita eko. Hauumizi wala haumchomi mgonjwa. Daktari huona kuta za moyo, milango yake ikifunguka na kufunga, na nguvu unayosukumia damu.

Tanzania ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, iliyoanza kazi mwaka 2015. Lakini kutoka Ngara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000, na si kila mtu anahitaji mashine kubwa. Kwa wengi hatua ya kwanza ni kipimo cha mkononi, kile kinachofungwa juu ya kiwiko na kujazwa upepo. Kipimo hicho kinaweza kufika hata kwenye makambi.

Katika kisa chetu, kilifika. Idara ya afya ya mtaa ilikuwa na turubai lake pembeni ya uwanja wa makambi, na muuguzi mmoja kijana alikuwa akipima. Mzee wa kanisa, mkulima wa ndizi na maharage mwenye miaka 58, alipita akiwa na Biblia na lesoni kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wapime akina mama hao. Mimi nguvu ninazo. Juzi nimepanda kilima hiki na mkungu wa ndizi kichwani."

"Ni kweli, baba, lakini presha haiangalii mkungu. Kaa dakika tano tu, upumzishe mkono."

Kipimo kilisoma 182 kwa 110. Mzee akasema mashine ni mbovu. Alipimwa tena siku ya pili na ya tatu, na majibu hayakutofautiana sana. Kwa kawaida 140 kwa 90 au zaidi, ikipatikana katika siku tofauti, huhesabiwa kuwa presha ya juu. Mzee huyu hakuwa akisikia maumivu yoyote.

Swali: Kwa nini mtu mwenye nguvu na sifa njema kanisani huona vigumu zaidi kukubali kwamba kuna tatizo asilolijua? Linganisha na Ufunuo 3:17.

JUMATATU

Moyo wa Farao

Soma Kutoka 9:27–35. Farao alikiri nini mvua ya mawe ilipokuwa ikinyesha? Moyo wake ulikuwaje ilipokoma?

Farao alikuwa mwepesi wa kukiri maadamu anaumia. Maumivu yalipokwisha, moyo ukarudi kuwa mgumu. Mtindo huu unajulikana katika kila zahanati: mgonjwa hufuata maagizo wakati kichwa kinauma, na huyaacha kinapotulia. Kutulia kwa maumivu hakumaanishi kwamba ugonjwa umekwisha.

Misri ya kale imetoa ushuhuda mwingine kuhusu moyo, ambao haukujulikana hadi siku za karibuni. Wataalamu wa moyo wa Misri na Marekani waliipitisha miili iliyokaushwa ya Wamisri wa kale katika mashine ya CT, ambayo hupiga picha za ndani kipande kwa kipande. Katika picha hizo chokaa iliyoganda kwenye kuta za mishipa huonekana nyeupe kama mfupa. Mmoja wa waliopimwa ni binti wa kifalme Ahmose-Meryet-Amon, aliyeishi miaka kama 3,500 iliyopita. Mishipa inayoulisha moyo wake ilikuwa na ugonjwa uleule unaowaua watu leo.

Msomaji anaweza kukimbilia kusema kwamba haya ndiyo magonjwa ya Misri, na kwamba watu wa Mungu hayawahusu. Lakini watafiti waliendelea. Mwaka 2013 walitoa matokeo ya miili 137 kutoka Misri, Peru, kusini-magharibi mwa Marekani na visiwa vya Aleutian karibu na Alaska. Dalili za ugonjwa huo zilipatikana katika miili 47, ikiwamo ya watu waliolima kwa mikono yao na ya wawindaji. Hawakuwa na sigara za dukani wala mafuta ya kiwandani. Miongoni mwa sababu ambazo watafiti wamezifikiria ni moshi wa moto uliowashwa ndani ya nyumba, jambo linalopaswa kumfanya kila mwenye jiko la mafiga lisilo na dirisha afikiri.

Soma Kutoka 15:22–27. Ahadi ya mstari wa 26 imefungwa na mambo gani?

Ahadi ile haikutolewa kama hirizi ya kabila. Mungu aliiambatanisha na kusikiliza, kutenda, kutega sikio na kushika. Yote manne ni kazi ya kila siku. Tena ilitolewa Mara, mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kuonja maji machungu, na Mungu alimwonyesha Musa mti wa kutia majini. Mponyaji alijitambulisha kwa jina lake huku akimpa mtumishi wake kitu cha kutumia.

Swali: Mtu anawezaje kuitumia Kutoka 15:26 kama sababu ya kutokwenda kupimwa? Anawezaje kuitumia kama sababu ya kwenda?

JUMANNE

Siku Kumi za Danieli

Soma Danieli 1:8–20. Danieli alimwomba msimamizi afanye nini baada ya siku kumi?

Mahubiri mengi juu ya sura hii huishia kwenye mboga na maji. Lakini ombi la Danieli lina sehemu mbili. Ya kwanza ni chakula. Ya pili ni kuangaliwa. Alitaka nyuso zao zilinganishwe na za vijana waliokula chakula cha mfalme, kisha msimamizi atende kulingana na atakachokiona. Imani ya Danieli haikuogopa kipimo, wala hakuomba aaminiwe kwa maneno tu.

Waadventista wa siku hizi nao wamekubali kuangaliwa. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda waliwafuatilia Waadventista wapatao 34,000 wa California. Mwaka 2001 walieleza kwamba wanaume Waadventista wa huko waliishi miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine wa jimbo hilo, na wanawake miaka 4.4 zaidi. Mapema zaidi, mwaka 1992, walikuwa wameonyesha kwamba wale waliokula karanga, lozi na jamii zake zaidi ya mara nne kwa juma walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa karibu nusu ya kiwango cha wale waliokula mara chache sana. Utafiti mwingine ulioanza mwaka 2002 umewahusisha watu wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda kwa miaka 30 hivi tangu 1929. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, ugonjwa wa kuziba mishipa ya moyo ulikuwa nadra kiasi kwamba mwaka 1956 mgonjwa mmoja Mwafrika alitosha kuandikiwa makala katika jarida la tiba. Trowell aliamini kwamba vyakula visivyokobolewa vilikuwa na sehemu katika hilo. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya Watsimane, wakulima na wawindaji wa msitu wa Bolivia. Watu wazima 705 walipigwa picha za moyo kwa mashine ya CT, na asilimia 85 hawakuwa na chokaa yoyote katika mishipa ya moyo. Watu hao hufanya kazi za mwili sehemu kubwa ya mchana, na shibe yao hutoka zaidi kwenye mchele, ndizi, mihogo na mahindi, pamoja na samaki na nyama ya porini kiasi.

Ndizi, mihogo, mahindi, maharage na karanga ni vyakula vya shambani kwa mtu wa Ngara na Biharamulo. Kwa hiyo ujumbe wa afya haumdai mkulima huyu vitu vya madukani. Mara nyingi unamtaka asiviache alivyo navyo. Hatari iko barabarani pia. Katika barabara ya malori inayopita Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo na Kabanga, dereva anaweza kukaa kwenye usukani kutwa nzima, kisha akashuka kula chipsi zilizokolea mafuta na chumvi. Kijana aliyelelewa kwa jembe akipata kazi ya kukaa, mwili wake unaingia katika maisha mengine.

Hata hivyo takwimu hueleza makundi. Haziandiki hati ya mtu mmoja mmoja. Mzee wa kisa chetu hakunywa pombe wala kahawa, hakuvuta sigara, hakula nguruwe, na alitembea kila siku. Presha ilimpata vilevile. Urithi wa ukoo na umri vina sehemu yao. Kulikuwa na jambo moja zaidi: kikopo cha chumvi hakikuondoka mezani kwake, na maharage aliyatia chumvi kabla ya kuyaonja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyo kwenye mkate, dagaa wakavu na vikolezo vya pakiti.

Swali: Kuna tofauti gani kati ya kuishi kwa kanuni za afya kama Danieli na kujivunia kanuni hizo kana kwamba ni kinga?

JUMATANO

Tini za Hezekia

Soma 2 Wafalme 20:1–7. Mungu alijibu maombi ya Hezekia kwa ahadi gani? Isaya aliagiza nini baada ya ahadi hiyo kutolewa?

Mungu alikuwa amekwisha kusema kwamba atamponya mfalme. Neno hilo lingetosha. Lakini Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Biblia haioni aibu kuweka ahadi na tini katika habari moja. Hezekia angesema kwamba akikubali tini atakuwa amemdharau Mungu, angekuwa ameikataa njia ambayo Mungu mwenyewe aliileta kupitia nabii.

Mzee wa kisa chetu alipewa vidonge. Aliombewa pia kwenye makambi, naye aliomba. Mwezi ulipokwisha alijisikia mzima, akaacha kwenda kuchukua vingine. Sabato moja, wakati wa shuhuda, alisimama akasema Bwana amemponya na dawa ameziweka kando. Kanisa likaitikia Amina. Hakuna aliyemuuliza kama alipimwa tena.

Katika benchi la akina mama alikuwapo mjane mmoja, jirani yake, naye ana presha. Kila mwezi alitembea saa mbili kufuata dawa, na nauli ya bodaboda hakuwa nayo. Alimheshimu mzee yule kuliko mtu yeyote kilimani. Jioni ile naye akaviweka vidonge vyake kando.

Baada ya miezi minne alipatwa na kiharusi akiwa anachota maji. Upande wa kulia ulilegea. Maneno yakawa hayatoki sawasawa.

Soma Luka 17:11–19. Kwa nini Yesu aliwatuma wale kumi wajionyeshe kwa makuhani? Tazama pia Walawi 14:1–3.

Kwa torati, mwenye ukoma hakujitangaza mwenyewe kuwa ametakasika. Kuhani alitoka kumwangalia, na ilipoonekana kwamba ugonjwa umeondoka ndipo alipotangazwa. Yesu, mwenye uwezo wa kuponya kwa neno, hakuwaondolea wale kumi hatua hiyo. Aliwatuma wakakaguliwe. Uponyaji wa kweli haupotezi kitu kwa kukaguliwa, na ushuhuda uliokaguliwa huwa na nguvu zaidi mbele ya watu.

Mungu huponya, na akitaka huponya papo hapo. Lakini mtu aliyepona presha ataonekana amepona kwenye kipimo pia, na daktari ndiye atakayempunguzia au kumwachisha dawa. Presha iliyoshuka kwa sababu ya vidonge si presha iliyokwisha. Vidonge vikiachwa, hurudi, na hairudi kwa kelele.

Swali: Kanisa lilikuwa na wajibu gani liliposikia ushuhuda wa mzee? Linawezaje kumtukuza Mungu kwa uponyaji bila kumweka mgonjwa mwingine hatarini?

ALHAMISI

Kuungamiana

Soma Yeremia 17:9, 10 na Yakobo 5:13–16. Nani anaweza kuujua moyo? Yakobo anaunganisha uponyaji na jambo gani zaidi ya maombi?

Haukupita muda mrefu mzee naye akaanza kuchoka njiani. Miguu ilivimba jioni. Usiku hakuweza kulala chali.

"Baba watoto," mke wake akamwambia, "siku ya tatu hii unalala umekaa. Kesho twende hospitali."

"Mavuno yakiisha."

"Mavuno nitavuna mimi. Twende."

Walipanda basi linalopita Lusahunga na Biharamulo hadi hospitali ya rufaa. Daktari alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akampaka ute wa baridi kifuani, akaanza kusogeza kifaa. Kisha akamgeuzia kioo.

"Huu ni moyo wako, mzee wangu. Unauona ukuta huu? Umekuwa mnene kwa sababu kwa miaka umesukuma damu kwa kushindana na presha. Sasa umeanza kuchoka."

"Miaka?"

"Miaka, mzee. Haukuanza mwaka huu."

Mzee aliutazama moyo wake ukifumba na kufumbua kwenye kioo. Siku zile zote alizosimama mbele ya darasa akisema ni mzima, ukuta ule ulikuwa ukinenepa. Aliuliza kama kuna tumaini. Daktari alimwambia mioyo mingi ya namna hiyo hupata nafuu kwa dawa, kwa kupunguza chumvi na kwa kufuata kliniki bila kuruka, na kwamba akiacha tena atarudi akiwa na hali mbaya zaidi. Lakini alipofikiri habari ya kuacha, mzee hakujifikiria yeye. Alimfikiria mjane.

Aliporudi kilimani hakuanza na kanisa. Alianza kwenye nyumba ya jirani yake. Binti wa mjane alimletea kigoda, akakaa chini ya uso wa mama yule aliyelala.

"Mama, niliwaambia watu nimepona, na sikuwa nimepima. Wewe uliniamini. Nimekuja kuomba msamaha."

Mjane alijaribu kusema, neno halikutoka. Akaunyosha mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akaushika wa mzee. Akaushikilia kwa muda.

Sabato iliyofuata mzee aliomba nafasi ya shuhuda. Alisema kwamba ushuhuda wake wa kwanza haukuwa kweli. Hakukusudia kudanganya, lakini alisema asichokijua. Alimtaja mjane kwa ruhusa yake. Aliwasihi wote waliofuata mfano wake waende kupimwa kesho yake. Safari hii Amina haikuja haraka. Kisha mama mmoja akainuka akasema naye ameacha dawa, na baada yake mwanamume, na baada yake mwingine.

Mkono wa kulia wa mjane haukurudi kama zamani, na mzee ataishi akilijua hilo. Msamaha wa Mungu haufuti kila matokeo hapa duniani. Hufungua mlango ambao wengine wanaweza kupita wakiwa hai. Yakobo hakuandika kwamba waumini waombeane tu. Kabla ya kuombeana aliweka kuungamiana, kwa sababu jeraha lililofichwa haliwezi kufungwa kitambaa.

Soma Ezekieli 36:26. Mungu anaahidi kuondoa nini na kutoa nini?

Mashine inaweza kuonyesha ugumu ulio kwenye mshipa, lakini haiwezi kumpa mtu moyo wa kusema kweli mbele ya watu wanaomheshimu. Huo ni kazi ya Roho. Moyo wa jiwe hujilinda usionekane. Moyo wa nyama huumia, hukubali kuguswa, na hupona.

Swali: Ni lipi lilikuwa gumu zaidi kwa mzee, kuuona moyo wake kwenye kioo au kuuonyesha kwa kanisa? Kwa nini?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Katika kitabu chake kuhusu huduma ya uponyaji kilichotolewa mwaka 1905, Ellen G. White alitaja tiba za asili ambazo Waadventista wengi huzijua kwa vichwa: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula bora, matumizi ya maji, na kumtegemea Mungu. Katika vilima vya Ngara na nyanda za Biharamulo nyingi kati ya hizi hazina bei. Zitumike kwa shukrani. Wala zisitumike kama hoja dhidi ya kipimo na dawa, kwa kuwa Mungu yuleyule aliyetoa jua na maji ndiye aliyewapa wanadamu akili ya kusikia mwangwi wa moyo.

Kundi la Shule ya Sabato linaweza kuchukua hatua ndogo zinazodumu. Kipimo kimoja cha presha kinaweza kununuliwa kwa mchango, na muumini aliyefundishwa na muuguzi akapima watu baada ya ibada, kila mmoja akiandikiwa majibu kwenye daftari lake mwenyewe. Watu wawili wanaoishi karibu wanaweza kukumbushana dawa kama wanavyokumbushana Kesha la Asubuhi. Chama cha Dorkas kinaweza kumsaidia asiye na nauli, au kumtuma kijana akamchukulie dawa. Anayefuata dawa asionekane kuwa na imani ndogo. Anayetoa ushuhuda wa kupona aulizwe kwa upendo kama amepimwa, na ikithibitika, kanisa zima limsifu Mungu kwa sauti kubwa zaidi.

Maswali ya Kujadili

1. Danieli, Hezekia na wale wakoma kumi, kila mmoja kwa namna yake, alikubali kuangaliwa. Habari zao zinafundisha nini juu ya uhusiano wa imani na ushahidi?

2. Mjane alimfuata mzee kwa sababu alimheshimu. Wenye dhamana kanisani wanapaswa kuwa waangalifu vipi wanaposema juu ya afya zao? Soma Yakobo 3:1.

3. Katika kundi lenu, ni nani hawajapimwa presha kwa mwaka mzima? Ni nani wameacha dawa? Mtawafikiaje bila kuwaaibisha?

4. Kama mjane yule angekuwa mshiriki wa kanisa lenu, ni mambo gani matatu ambayo kanisa lingeyafanya juma hili kwa ajili yake na binti yake?

5. Rudieni Zaburi 139:23, 24. Daudi aliomba achunguzwe, kisha akaomba aongozwe. Kwa nini ombi la kwanza halikamiliki bila la pili?